Mbwa Wako Hawakukufuata, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila hiyo utaniuliza nimelelewa na nani.

Nakuandikia nikiwa Kibaoni, kwenye baraza ya duka la Mzee Hamadi, pale pale ninapowekaga cherehani yangu. Leo sina nguo ya haraka. Mvua imenyesha tangu asubuhi, njia imekuwa tope tupu na wateja wamejifungia makwao. Miguuni pangu kuna beseni la plastiki, ndani nimetandika khanga yako ile iliyochakaa, na juu yake amelala mtoto wa mwisho wa mbwa wako Kisu. Wenzake wanne wamekufa. Wamekufa wote baada yako, Mama, na huko kijijini kwetu Mbingu wanasema umewachukua wewe.

Nimeona heri usikie kwangu. Wamekuwa wakiyasema hayo mbele yangu tangu tulipokuzika, na mimi nimebishana nao mpaka sauti ikanikauka. Lakini kuna neno lingine, la kwangu mwenyewe, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nalizungukazunguka. Acha kwanza nikueleze mambo yalivyokwenda, maana uliondoka kazi ikiwa katikati.

Ulipoondoka walikuwa ndiyo kwanza wanatembea bila kuangukia pua. Unakumbuka nilivyokucheka kwenye simu? Kisu aliporaruliwa tumbo na nguruwe pori kule shambani akafa, nilijua utawaacha watoto wake wajifie. Kwetu mbwa anazaa uani, anayepona kapona, hakuna anayehangaika. Wewe ukawahamishia jikoni, ukawa unawanywesha kwa kitambaa, mmoja mmoja, kama una vichanga vitano. Nikakuambia Mbingu nzima itasema umechanganyikiwa, huna mjukuu unalea mbwa. Ukanijibu papo hapo, "Mjukuu nimekuomba hujaniletea. Hawa Kisu kaniletea." Nikakata simu nikijifanya mtandao unasumbua.

Mtu asiyekujua angedhani unapenda mbwa. Hukuwapenda hata kidogo, ulikuwa unawatukana tangu asubuhi. Lakini ulijua kwamba bila mbwa shamba lile halivuniki. Nguruwe wakiingia kwenye mpunga unaotaka kuiva hawali tu, wanaulaza chini wote na kuukanyaga. Ndugu yangu Deo akae kwenye dungu la kulindia apige madebe mpaka mikono ife ganzi, bila mbwa wa kuwakimbiza, hao nguruwe wanamsikiliza tu. Ulikuwa unalea walinzi wa msimu ujao. Sikulielewa hilo mpaka nilipoona shamba lenyewe.

Halafu presha ikakuangusha ukiwa unaosha vyombo.

Deo alikuleta Ifakara kwenye Noah ya kukodi. Nilikupokea hospitali ukiwa hujitambui. Nilitaka kukushika mkono, mikono yote ilikuwa na mipira, nikakushika mguu. Kisigino chako kilikuwa bado na tope la jaruba la mpunga. Nikaanza kulifuta kwa kitenge changu, nesi akaniomba nisubiri nje. Nikasubiri nje. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, wewe mwenyewe unajua.

Msiba wako ulijaa, Mama. Ungefurahi, halafu ungelalamika kuhusu kuni. Masanja, yule jirani yetu Msukuma ambaye kila mwaka mligombana ng'ombe wake wakikanyaga majaruba yako, alikuja na ng'ombe mzima. Akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu mama tulikuwa tunagombana naye vizuri." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mzee Hamadi alitoka huku Kibaoni na pikipiki, na kanzu yake, akachinja yeye ili kila mtu aweze kula. Wakapika wali, nyama, maharage yanayoelea mafuta. Walikuja watu mpaka wa Lupiro ambao mimi hata sikuwajua, wote wanakuita dada.

Na kwetu chakula cha msiba hakilazwi. Unakumbuka ulivyokuwa unatugombeza sisi tukificha minofu ya matanga kabatini? Kinachobaki wanapewa watoto, kuku na mbwa siku hiyo hiyo, mpaka masufuria yawe meupe. Safari hii kuku walizidiwa. Kwa hiyo kilichobaki, na kilibaki kingi, kilikwenda kwa watoto wa Kisu.

Aliyewalisha ni Deo.

Ilikuwa hivi. Tangu tulipokuzika alikuwa hajala na hajalia. Watu wakimpa pole anaitikia, wakimpa sahani anaishika tu. Akaenda kukaa nyuma ya jiko walipokuwa wale mbwa, na pale ndipo alipopata kitu cha kufanya. Alichukua utumbo wa yule ng'ombe, mafuta, ukoko uliolowa mchuzi, akawakatia vipande vidogovidogo kwa mikono yake. Wao hawakuwahi kuona kitu kama kile. Walikula mpaka matumbo yakawa magumu kama mipira, wanaanguka wakitaka kutembea. Mama Mkubwa Vene akapita akasema, "Angalau hawa wameshiba." Deo akatabasamu. Nililiona lile tabasamu nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa, mimi ambaye nilikuwa nawacheka.

Kesho yake jikoni hakukukalika kwa harufu. Walikuwa wanaharisha maji ya njano, wanatapika, wanalala juu ya uchafu wao. Mmoja alikufa kabla hata hatujaanua matanga. Mama Mkubwa alisimama mlangoni akamwangalia, hakuingia. Ndipo aliposema lile neno. "Veronika anachukua vyake." Akasema umewalea kwa mkono wako mwenyewe, wana jasho lako, kwa hiyo lazima uwaite. Wanawake waliokuwa wanasuuza masufuria wakaitikia. Tangu hapo hakuna aliyewagusa kwa nia ya kuwatibu, maana nani ataingilia safari ya marehemu?

Masanja peke yake alijaribu, kwa huruma yake. Kwao mtoto akiumwa anapewa maziwa. Akaleta kibuyu cha maziwa ya moto moto kutoka zizini, na wale viumbe kwa kiu waliyokuwa nayo wakayanywa yote. Wakaharisha zaidi. Wa pili akafa, na wa tatu. Deo aliwafukia kwenye migomba, kila mmoja na shimo lake, na kila alipomaliza Mama Mkubwa alitikisa kichwa kama mtu ambaye ameshinda kesi.

Mama, nilikasirika. Unanijua nikikasirika. Wewe ulikuwa hata chumvi ya jirani huchovyi bila kuomba, leo uambiwe umelala kaburini unaiba watoto wa mbwa? Nikasimama mbele ya wazee nikasema hili ni tumbo, si mzimu, hawa mbwa wamevimbiwa, mwacheni Mama yangu apumzike. Nikaambiwa ninyamaze, binti wa mjini hajui mambo. Mimi wa mjini! Kibaoni ni mjini lini? Baba mdogo mmoja akasema hao wawili waliobaki wakatupwe mtoni mapema, yaishe, kabla hujaanza kuita watu.

Nikachukua beseni, nikawaweka wote wawili ndani, nikasimamisha pikipiki barabarani.

Njiani tulikuta mvua. Nililifunika beseni kwa khanga na mkono wangu mmoja niliuweka ndani ili nihisi wanapumua. Kabla hatujafika Ifakara mmoja aliacha. Nilihisi kabisa alivyoacha. Mwenzake aliendelea kumlamba sikio, na mimi sikumwambia dereva, maana angesimama aniambie nimtupe. Tukaja hivyo, aliye hai na aliyekufa, mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari ni kijana tu, mpole. Nilitegemea atanicheka, watu hawapeleki mbwa koko kwa daktari. Hakucheka. Alimvuta yule aliye hai ngozi ya mgongo kwa vidole akaiachia, na ile ngozi haikurudi, ilibaki imesimama. Akasema, "Amekauka huyu." Akaniuliza walikuwa wanakula nini zamani. Sikujua. Akaniuliza walikula nini baadaye, na hapo nilijua kila kitu, nikamtajia. Utumbo, mafuta, mifupa, maharage, wali wa mchuzi, maziwa ya ng'ombe.

Halafu akasema, "Dada, tumbo la mtoto wa mbwa linajifunza kitu kimoja kimoja. Hawa mmewalaza na chakula chao cha kila siku, mmewaamsha na sherehe." Akanieleza kwamba hata chakula kizuri kikija ghafla ni balaa kwao. Unatakiwa uchanganye kipya kidogo sana ndani ya kile cha zamani, uangalie choo, kikiwa sawa ndipo uongeze, choo kikilegea unarudi nyuma. Mafuta yale yaliwachoma. Maziwa ya ng'ombe siyo maziwa ya mama yao, yaliongeza tu kuharisha. Minyoo nayo ilikuwamo tangu mwanzo, kama ilivyo kwa karibu watoto wote wa mbwa wa kwetu. Na maji yalipotoka mwilini hakuna aliyeyarudisha. "Wenzake wamekufa kwa kiu," alisema.

Kwa kiu, Mama. Bondeni Kilombero, masika, maji mpaka kwenye kizingiti.

Halafu akaniuliza nani alikuwa anawalisha. Nikasema watu wa msibani. Hakuuliza zaidi, akanipa dawa ya minyoo na bomba la sindano lisilo na sindano, akanifundisha kuchanganya maji, sukari na chumvi, nimdondoshee pembeni mwa mdomo kidogo kidogo. Akishapata nguvu, alisema, nimrudishie chakula chake cha zamani, hicho hicho na si kingine.

Chakula chake cha zamani. Nilimpigia Deo, akasema, "Mama alikuwa anachemsha kitu kwenye kile kisufuria." Kitu gani? Hajui. Nikampigia Mama Mkubwa, hajui. Umepika kile kitu kila siku katikati ya jiko lenye watu wanaoingia na kutoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchungulia. Nilikaa hapa kwenye cherehani nikiwa na hasira na sisi sote.

Nikakumbuka tumbo langu mwenyewe. Ule mwaka wa mafuriko nilipoharisha mpaka nikashindwa kusimama, ulinipikia uji wa chenga. Ulizichemsha zile chenga za mchele mpaka zikapotea, ukachemsha perege pembeni, ukachuja ule mchuzi kwa kitambaa usibaki hata mwiba, ukachanganya na punje za chumvi. Ulionja kwanza wewe. Ulinipa kijiko kimoja, ukaniambia nisubiri, nikalia nataka kingine ukakataa. "Tumbo lina woga. Usilishtue." Ulisema hivyo, nina hakika ulisema hivyo.

Nikajua ulichokuwa unawapikia. Ulikuwa unawalea kama ulivyotulea sisi, huku unawatukana kama ulivyotutukana sisi.

Mzee Hamadi alinipa chenga kutoka chini ya gunia, hakutaka kusikia habari ya malipo. Nilipika uani kwake. Nilipoonja ule uji, Mama, nililia kwa sauti mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza nani tena amekufa. Ulikuwa ndiyo ule ule. Nilikuwa sijaula hata siku moja tangu utotoni, na sasa nauonja kwa ajili ya mbwa, na wewe haupo wa kuniambia kama chumvi imetosha.

Alikula kijiko kimoja. Nikakataa kumpa kingine, na yeye akalia, nikaendelea kukataa. Baada ya siku kadhaa choo chake kikaanza kushikana. Utacheka: mwanao ameinama uani kwa watu anafurahia mavi. Mzee Hamadi mbwa hamgusi, na akipita karibu na beseni anakunja kanzu mpaka magotini. Lakini kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anasimama mbali ananiuliza, "Mgonjwa kaamkaje? Choo?" Namjibu kwa heshima zote. Huo ndio umekuwa mwanzo wa siku zetu.

Nimemwongezea samaki aliyepondwa, ncha ya kijiko kwanza. Juzi nilimpa ugali kidogo, tumbo likaharibika tena, tukarudi kwenye uji mtupu. Ni mdogo, Mama. Miguu ya nyuma inamtetemeka akisimama. Daktari anasema ataishi pengine, ila nisitegemee ukubwa. Huyu hatasimama mbele ya nguruwe. Walinzi uliowalea wako kwenye migomba, na aliyebaki analala kwenye beseni akisikiliza cherehani.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Deo alikuja wiki iliyopita. Nguruwe walikuwa wameingia lile jaruba la chini, wamelilaza lote, akaja kuniambia. Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, yule mtoto wa mbwa akatoka kwenye beseni akajikokota kwenda kunusa vidole vyake. Deo akauficha mkono. Halafu akaniuliza bila kuniangalia, "Yule daktari alisemaje?"

Nikaanza kueleza habari ya tumbo, kwa kuzunguka. Akanikatiza. "Skola, mimi ndiye niliyekuwa nawalisha." Alikuwa anaiangalia mikono yake yote miwili, ameiweka magotini kama vitu vya mtu mwingine. Akasema, "Nilikuwa namfanyia Mama. Niambie tu. Waliondoka na Mama au ni mimi?"

Mama, nilikuwa nimegombana na Mbingu nzima kwa ajili yako. Nilikuwa na maneno yote, ya daktari na ya kwangu. Ningeweza kukusafisha pale pale, kwa mtu wa kwanza ambaye angeamini. Nikamtazama mwanao. Yale macho nilikuwa nimeyaona mara moja tu, kwenye korido ya hospitali, siku ile.

Nikasema, "Ni Mama. Hakutaka kukaa peke yake."

Akashusha pumzi ndefu sana. Akalia, hatimaye, kichwa kikiwa kwenye meza ya cherehani yangu, juu ya sare ya shule ya mtoto wa watu. Alipomaliza aliomba chakula. Alikula sahani nzima ya wali hapa barazani, akaongezwa, akala tena.

Ndiyo hayo. Mama Mkubwa hakukushinda, mimi ndiye niliyekuuza. Nimekutwisha kifo cha mbwa uliowalea kwa kitambaa, kwa sababu Deo asingeweza kukibeba na wewe nilidhani unaweza. Mimi mwenyewe siamini kwamba uliwaita. Lakini jana huyu mdogo alipokataa kula nilijikuta nasema chini chini, Mama, huyu niachie. Ujue tu nimechoka kiasi gani.

Nakuahidi hivi. Siku tutakapojengea kaburi lako watakuwapo wale wale wote, na Mama Mkubwa Vene atakuwa mbele na kitambaa chake cheupe. Siku hiyo, kama Deo atakuwa amesimama vizuri kwa miguu yake, nitamchukua pembeni kwanza, nimwambie taratibu, kidogo, nimwangalie, halafu ndiyo niongeze. Akishalipokea, nitawaambia wengine wote kwamba hukuchukua kitu cha mtu. Kama hatakuwa tayari, nitanyamaza tena mwaka huo, na mwaka unaofuata.

Mvua inapungua. Mzee Hamadi ananiita nimsaidie kuyaondoa magunia ya chumvi panapovuja yasilowe.

Kwaheri, Mama. Utasikia wanakusema. Nawe unajua si kweli, na mimi najua. Naomba usiwajibu.

Mwanao,
Skola